Dawa Isiyo na Heshima

Ukiingia katika duka langu la dawa pale Matisi, mjini Kitale, utadhani ninauza maneno na dawa ni nyongeza tu. Mtu huja kutafuta dawa ya kikohozi, akaondoka nayo pamoja na somo zima la mapafu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea na amezoea kelele, husema wateja wangu hupona haraka kwa kuogopa kurudi kunisikiliza. Sikatai. Nilisomea ufamasia kwa jasho, na sioni kwa nini elimu hiyo ikae kabatini ikipigwa na vumbi.

Maneno ninayoyatoa kwa wingi zaidi ni ya onyo. Hii usimeze na maziwa. Hii itakupa usingizi, usiendeshe pikipiki. Na hii nyekundu itageuza mkojo wako uwe wa rangi ya chungwa. Usishtuke, si damu, ni rangi ya dawa. Hilo la mwisho nimewaambia wazee wa kanisa, nimewaambia polisi, nimewaambia wanawake wafanyabiashara waliotoka upande wa Suam, mpakani, wakiwa na haraka ya kurudi. Nalisema kwa sauti ile ile ninayotumia kusalimia. Kuna mtu mmoja tu duniani niliyeshindwa kumwambia, na ukimya wangu ulikaribia kumvunja mgongo.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu.

Anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa Mabanga, peke yake tangu baba mkwe afariki, pamoja na ng'ombe watatu wa maziwa ambao huwagombeza mchana kutwa na kuwapenda kuliko watu. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na hukamua mwenyewe asubuhi na jioni ingawa amepita miaka sabini. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya ufugaji hapo Mabanga, akarudi akisema walimu ni wazuri ila hawajui tabia za ng'ombe wake. Nampenda sana. Lakini kumpenda kwangu ni kwa umbali, tena umbali wa kupimika: hatua kumi hivi, na ukuta ukipatikana ni bora zaidi.

Kwetu sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye nyasi akajifanya anatafuta kitu mpaka mwenzake apite. Jikoni kwake siingii, na chumba chake cha kulala sijui hata mlango wake unafungukia upande gani. Vijana wa siku hizi wanalegeza mambo, nasikia wengine hupiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani, na mimi pamoja na elimu yangu yote ni mwoga. Kwa miaka kumi na minne niliongea naye kupitia kwa mke wangu, naye akaongea nami kupitia kwa mke wangu, na mke wangu akikosekana, kupitia kwa kuku.

"Wewe kuku," angesema akiwa jikoni, "mbona hujaambia mgeni chai iko tayari?"

Nami, nikiwa nje, nilimshukuru kuku.

Mambo yalianza na ng'ombe wake mmoja mweusi aliyetupa mimba kabla ya wakati. Kondo la nyuma likakataa kutoka. Mama mkwe akakunja mikono ya gauni, akaingiza mkono mtupu, akalivuta. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na kwa sababu glovu alizopewa kwenye mafunzo alikuwa akizitumia kuchuma pilipili. Wiki chache baadaye akashikwa na homa, tena homa ya vituko. Asubuhi alikamua akiimba nyimbo za kanisa, jioni alitetemeka chini ya mablanketi mawili, shuka chapachapa kwa jasho. Akatibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Kisha jirani akamwelekeza kwenye kliniki fulani ambako alidungwa sindano siku tano mfululizo, na sindano hizo akazisifu mpaka kanisani.

"Hiyo sasa ndio dawa," alimwambia mke wangu kwa simu. "Inauma mpaka unajua imeingia."

Homa ikapoa. Baada ya majuma mawili ikarudi, na safari hii ikaja na maumivu ya viungo.

Mke wangu alikuwa akinisimulia hayo yote huku akipika, na ni hapo tu alipomtaja ng'ombe mweusi kwa bahati. Nikaweka chini kikombe. Ng'ombe ametupa mimba, mtu ameshika kwa mkono mtupu, homa ya jioni, viungo. Nikasema, "Mama ana brusela, ule ugonjwa wa kutoka kwa ng'ombe." Nilisema kwa raha kidogo, naungama, kama mtu aliyepata jibu kabla ya darasa. Tukaenda Bungoma, akapimwa hospitalini, na brusela ikapatikana.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye foleni iliyofika nje. Mama mkwe alikaa ndani na bintiye. Mimi nilisimama mlangoni nikimpa kisogo, inavyostahili. Daktari akatoka na karatasi: dawa mbili, wiki sita bila kukosa. Akaanza kunieleza jinsi mgonjwa atakavyozitumia. Nikamkatiza.

"Usijisumbue, daktari. Mimi ni mfamasia. Mama nitamweleza mwenyewe nyumbani."

Akanishukuru mno, akamwita mgonjwa mwingine. Nilitembea hadi kwenye gari kifua mbele.

Nyumbani kwa mama mkwe nilisimama chini ya mparachichi, yeye akakaa jikoni, na mke wangu akawa katikati akienda na kurudi na maneno yangu. Nikasema dawa hizi za rangi hii ni asubuhi na jioni, na maji mengi, na asizimeze na maziwa wala chai ya maziwa. Kutoka jikoni kukaja mguno. Chai ya strungi, isiyo na maziwa, nyumbani kwake hupewa mtu anayetakiwa aondoke mapema. Nikasema maziwa yachemshwe yote, hata yale ya kuonja. Mguno mwingine. Nikasema hizi nyekundu ni asubuhi kabla ya kula. Kisha nikafika kwenye ile sentensi.

Ilikuwa mdomoni. Naikumbuka ilivyokaa ulimini. Lakini kwetu neno halipungui uzito kwa sababu limebebwa na mtu mwingine. Mke wangu angeingia jikoni na kusema, "Anasema mkojo wako utakuwa..." na hapo ingekuwa mimi, mkwe, niliyesimama chini ya mti mchana kweupe nikiutaja mkojo wa mama mkwe. Kiswahili kina adabu, kinaweza kusema haja ndogo. Lakini hata haja ndogo ya mama mkwe si jambo dogo kwa mkwe. Nikaimeza ile sentensi bila maji.

"Ni hayo tu?" mke wangu akauliza.

"Ni hayo tu."

Nilipanga kumwambia tukiwa garini, amwambie mama yake baadaye kwa simu, kama jambo lake mwenyewe. Bahati mbaya tulikuwa tumepewa jogoo, na kamba ya miguu yake ilifunguka kabla hatujafika barabara ya lami. Mtu ambaye hajaendesha gari na jogoo akiwa begani asinihukumu. Tulipofika Matisi tulikuwa tumegombana, tumecheka, gari limejaa manyoya, na sentensi imepotea.

Wiki zikapita. Kila jioni mke wangu alipiga simu.

"Anasema ameamka vizuri."

"Dawa anameza?"

"Anasema anameza. Anasema strungi inamfanya ajione mgeni kwake."

Baada ya siku kumi hivi homa iliisha, na mimi dukani nikaanza kutoa mfano wa mgonjwa mmoja wa Bungoma, mama mtu mzima nisiyemtaja, aliyepona kwa sababu alipata maelezo kamili. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema, tena zaidi ya mara moja.

Zaidi ya mwezi tangu wiki sita ziishe, jirani alimpigia mke wangu. Homa imerudi. Na si homa peke yake: mama anashika kiuno, hawezi kuinama, ng'ombe wanakamuliwa na watu. Mdudu wa brusela hupenda mifupa ya mgongo. Akichimba humo akatulia, mtu anaweza kupinda asinyooke, na mama mkwe asiyeweza kuinamia ng'ombe sikujua atakuwa nani. Mke wangu hakulala vizuri usiku ule, na Jumamosi asubuhi alikuwa Bungoma.

Alinipigia kabla ya saa sita. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja aliyeanza dawa ile ile nyekundu, na nilikuwa nimetoka tu kumwambia kuhusu mkojo.

"Nimezipata," mke wangu akasema. "Ziko kwenye mkebe wa sukari. Nyekundu karibu zote. Ametoa mbili tu."

"Mbili? Na zile zingine?"

"Hizo alimeza kama wiki mbili, tatu, akajisikia mzima akaachana nazo. Alisema hawezi kufa akinywa strungi."

"Na nyekundu kwa nini aliacha?"

"Anasema zilimtisha."

"Zilimtishaje?"

"Hasemi. Ameangalia chini kama msichana."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mzee alikuwa bado dirishani akirudia maelekezo yangu kwa sauti ili asiyasahau, na mkojo alikuwa ameufikia. Nikaelewa yote kwa mara moja. Asubuhi ya pili, chooni, peke yake, mwanamke wa miaka sabini na zaidi ameangalia chini akaona rangi ile. Hakuweza kuniambia mimi. Hakuweza kumwambia bintiye, kwa kuwa bintiye angeniuliza mimi. Akaziweka kwenye mkebe, akanyamaza, akangoja kuona kama atakufa. Nimewahi kuwa na aibu za aina nyingi maishani, lakini ile ilizipita zote.

Nikamwambia mke wangu.

"Yaani wewe," akasema, "wewe ambaye watu wa Matisi wanakukimbia kwa maneno, hapo ndio ulinyamaza?"

"Nilikuwa na heshima."

"Mficha uchi hazai, bwana. Umesoma mpaka hiyo hujui?"

Akaenda kumweleza mama yake. Baada ya dakika tano akanipigia tena, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Amekataa. Anasema kama hiyo rangi ni kitu ya kawaida, wewe ungesema. Ulisema mambo ya maziwa, ulisema mambo ya maji, ulisema mpaka ya kuonja. Daktari kama wewe asiseme kitu kubwa kama hiyo? Anasema mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, najaribu tu kumtuliza."

Hapo mama mkwe hakuwa na kosa lolote. Kwa akili yake timamu, ukimya wangu ulikuwa ushahidi. Nikaomba azungumze nami kwa simu, akakataa hilo pia: sauti ya mkwe ndani kabisa ya sikio lake? Mke wangu akajaribu kuiweka simu juu ya meza sauti ikiwa wazi. Mama mkwe akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Kesho yake, Jumapili, nilifunga duka nikaenda Bungoma mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi. Nilijaribu lugha ya hospitali, nikajaribu lugha ya kanisa, nikajaribu kusema kwa mafumbo, na kila mara ile sentensi ilifika mahali ikasimama kama ng'ombe aliyeona daraja.

Jiko la mama mkwe ni la udongo, limejitenga na nyumba, na kati ya ukuta na mabati kuna nafasi ya kutolea moshi. Mke wangu alinigeuzia debe nikakaa nje nikiuegemea ukuta. Yeye akakaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Mama mkwe alikuwa ndani. Nilimsikia akivuta pumzi kila aliposogea, na nikajua ni kiuno. Kuku mmoja alikuwa akidonoa karibu na mguu wangu. Nilimwangalia nikaona hapana, leo kuku hatatusaidia.

"Mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita moja kwa moja. "Ile dawa nyekundu inageuza mkojo uwe rangi ya chungwa. Si damu. Ni rangi ya dawa, inapita tu. Kila mtu anayeimeza anakuwa hivyo. Nilitakiwa kukwambia siku ile ile, nikaona aibu. Kosa ni langu, si lako."

Ndani kifuniko cha sufuria kikatikisika. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na sikuweza kujua kama analia au anacheka.

"Na jasho?" ikauliza sauti, polepole. "Kitambaa yangu ya kanisa iliingia rangi hapa kwa kichwa."

"Na jasho, mama. Hata machozi."

"Ati hata machozi."

"Hata machozi."

Nikamsikia akifunika sufuria. "Mimi nilifikiria ni kufa. Nilikuwa nimeshagawa ng'ombe kwa roho. Wewe mkwe nilikupatia ule mweusi."

Mke wangu hapo hakujiweza tena, alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilicheka pia, huku macho yakiniwasha, maana kumbe hata siku alizokuwa akidhani nimemlisha sumu, alikuwa amenikumbuka katika urithi. Nilimshukuru kwa ng'ombe. Nikamwomba aanze dawa upya.

"Ngoja," akasema. "Kwanza niambie. Sindano ilinipatia nguvu siku tano. Hii yako ni wiki sita, na strungi juu. Kwa nini?"

Nilipokuwa chuoni, hilo ndilo somo nililolipenda kuliko yote, ingawa kulieleza nje ya ukuta wa jiko sikuwahi kufundishwa. Mwili una seli walinzi, zinazomeza wadudu wa magonjwa na kuwaua. Wadudu wengi wakimezwa hufa. Huyu wa brusela akimezwa huona amefika nyumbani. Anajificha ndani ya mlinzi mwenyewe, anakula humo, anazaana humo, na mlinzi anambeba huku na huku mpaka kwenye mifupa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hawakuwa na hadubini.

Sasa, si kila dawa inaweza kumfuata humo. Ngozi ya seli ni ya mafuta mafuta, na dawa kama ile ya sindano yake haipendani na mafuta. Inaogelea kwenye damu nje ya seli, inaua wanaokutwa nje, na mgonjwa anapata nafuu. Ndani inaingia kidogo mno, tena polepole. Dawa mbili za daktari zina tabia tofauti: zinapita kwenye ngozi ile, zinaingia, na dozi baada ya dozi zinajikusanya. Ile nyekundu hurundikana humo kuliko ilivyo kwenye damu yenyewe. Zipo na nyingine, ambazo hazikuwa zake, zinazoingia kwenye vijifuko vyenye asidi ndani ya seli, zikafika humo zikabadilika, na njia zilizoingilia zikawa hazipitiki tena. Mhadhiri wetu alizichora ubaoni, nami nikafikiria wageni wa Bungoma: mtu ameingia kusalimia tu, akawekewa ugali na kuku, sasa kuondoka hawezi.

Lakini sikumwambia mama mkwe habari za mafuta na asidi. Niliangalia mahali nilipokaa, juu ya debe, nje ya ukuta, na maneno yakaja yenyewe.

"Mama, ile dawa ya sindano ni kama mimi."

"Kama wewe namna gani?"

"Inakuja na nguvu zake, inafika mpaka uani, inakaa hapa nje kwa debe. Mwizi akiwa uani, itampiga. Lakini huyu mwizi wako hayuko uani. Ameingia nyumba ya askari wako mwenyewe, amelala chumba cha ndani kabisa. Sindano haiwezi kuingia huko. Inaona haya."

"Mm."

"Hizi mbili zinaingia. Hazibishi hodi. Leo inaingia kidogo, kesho kidogo, zinajaa humo ndani mpaka mwizi anakosa pa kulala. Na yeye amejificha sehemu nyingi, ndio maana wiki sita. Ukiacha katikati, wale waliobaki wanatoka tena."

Nilimsikia akifikiri. Mama mkwe akifikiri hugonga kitu. Alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Kwa hivyo hiyo dawa haina heshima," akasema.

"Haina hata kidogo, mama."

"Inaingia mpaka chumba ya kulala."

"Mpaka chini ya kitanda."

"Si basi mniletee hiyo haina heshima." Mwiko ukatulia. "Hii ya heshima karibu inimalize."

Sikujua kama alimaanisha sindano au alinimaanisha mimi, na sikuuliza. Nilistahili zote mbili.

Jumatatu tulimrudisha kwa yule daktari mpole, na safari hii nikafunga mdomo wangu akaeleza kila kitu mwenyewe, mimi nikiwa mlangoni na kisogo changu. Alimpiga picha ya mgongo. Mdudu alikuwa ameanza kugonga lakini hajabomoa, akasema, na tukaanza kuhesabu tena kutoka siku ya kwanza. Zile za mkebe wa sukari daktari alikataa zisitumike tena. Mpya zikatundikwa jikoni kwenye mfuko, chini ya kalenda ya kanisa, na kila siku ikapigwa mstari kwa mkaa. Afisa wa mifugo akaja akapima ng'ombe. Yule mweusi akaondolewa, na urithi wangu ukaondoka naye. Mama mkwe alimlilia kidogo, akaona rangi ya machozi kwenye leso, akamwita mke wangu kwa simu kumwambia ni kweli kabisa.

Nilichotarajia ni kwamba atarudi kwenye ukimya wake, nami kwenye wangu. Badala yake, majirani wakaanza kutusimulia. Katika kikundi cha akina mama cha kanisani kwake kulikuwa na mwingine aliyepewa dawa ile nyekundu, na mama mkwe alisimama mbele ya watu wote akamweleza, bila kupepesa macho, atakachokiona chooni na kwamba asithubutu kuogopa. Alisema amesikia kwa daktari mkubwa wa Kitale. Mke wangu aliponiambia hivyo nilijifanya sikusikia vizuri ili arudie.

Wiki ya tano kiuno kikaanza kulegea. Ya sita akainama kuokota mwiko, akasimulia kuinama huko kama safari ya ng'ambo. Vidonge vya mwisho vilimezwa siku ya Jumatatu, na maji, na hapohapo, mke wangu alisema, kikombe cha chai ya maziwa kilikuwa tayari mezani kikingoja saa mbili zipite.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dukani nikimhubiria kijana mmoja habari za kumaliza dozi. Simu ikaita. Kwenye kioo niliona namba ya mama mkwe, ambayo nilikuwa nayo kwa miaka na haikuwahi kuniita hata mara moja. Nilidhani kuna jambo baya. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kwanza sikusikia mtu. Nilisikia maziwa yakipiga ndoo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kwa mwendo wa mtu aliyeinama bila maumivu.

"Mkwe," akasema. "Ni mimi. Rangi imeisha. Mkojo sasa ni wa kawaida kabisa." Maziwa yakaendelea kidogo. "Nimeona nikwambie mwenyewe."

Kijana wa watu alikuwa ananiangalia akingoja nimalize mahubiri. Mimi, muuza maneno, siku hiyo nilitumia mawili. Nikasema tu, "Asante, mama," na kuku hakuhusika.